Niliyojifunza Kuhusu Titi, Maabara na kwa Shangazi Yangu

Viungo vingi vya mwili mtoto huzaliwa navyo vikiwa tayari. Moyo unapiga, figo zinachuja, ini linafanya kazi yake. Titi si hivyo. Mtoto wa kike huzaliwa na vimirija vichache vifupi nyuma ya chuchu, navyo hukaa vivyo hivyo kwa miaka, mpaka anapokaribia kuvunja ungo. Ujenzi wenyewe huanza hapo, na haukamiliki mpaka mimba ya kwanza. Kisha kila mtoto anapoachishwa ziwa, sehemu kubwa ya kilichojengwa hubomolewa. Nimefanya kazi kwa miaka katika maabara moja ya Uingereza inayochunguza ujenzi huo na ubomoaji wake. Kama kuna jambo moja ningependa ndugu zangu wa kike na wa kiume walijue kuhusu saratani ya matiti, ni hili: ukianzia kwenye uvimbe hutaielewa. Anzia kwenye ujenzi.

Tulikuwa tukitumia panya. Panya jike ana jozi tano za tezi za maziwa, na ile ya nne, ya kwenye kinena, ndiyo inayopendwa maabara kwa sababu ni bapa na hutandazika vizuri juu ya kioo. Unaitandaza, unailoweka katika mchanganyiko wa alkoholi, klorofomu na asidi ya siki, kisha unaiacha usiku kucha kwenye rangi nyekundu ya kamini, rangi ambayo hutolewa kwa mdudu. Mwisho unaipitisha kwenye zailini. Mafuta yote yanakuwa maangavu, na kinachobaki kuonekana ni mirija mitupu, myekundu, kuanzia chuchuni hadi ukingoni. Nimeandaa vioo vya namna hiyo vingi mno, na mpaka leo nikiweka kimoja chini ya hadubini moyo wangu hufurahi.

Panya wa wiki tatu, mirija yake haijafika hata kwenye tezi ya limfu iliyo katikati. Wiki ya sita imeshaipita, na kwenye kila ncha kuna kivimbe kinene cha seli zinazogawanyika kwa kasi, zikijisukuma mbele ndani ya mafuta. Baada ya wiki ya kumi mirija imefika ukingoni na vile vivimbe vimetoweka. Tezi imetulia kama mbuyu wa kiangazi, matawi matupu bila jani. Panya akishika mimba, majani yanachipua: vifuko vya maziwa vinaota ubavuni mwa kila tawi, na ikifika siku ya kuzaa, ambayo kwa panya ni kama ya 20, mafuta karibu hayaonekani tena. Watoto wakiachishwa, majani yanapukutika. Katika siku mbili za mwanzo ukimrudishia watoto wake tezi huanza tena kutoa maziwa. Zikipita hizo, hakuna kurudi. Seli zinakufa kwa wingi, kwa utaratibu, na baada ya siku kumi hivi tezi inakaribia kuwa ile ya kabla ya mimba.

Mwili wa binadamu una ratiba ndefu zaidi, lakini mpango ni uleule. Na jambo lililonishika kwa muda mrefu ni kwamba ni nadra kiungo kingine cha mtu mzima kuamrishwa kukua, kukomaa, kubomoka, halafu kukua tena, kila mtoto anapopatikana. Kila seli inapogawanyika inapaswa kunakili DNA yake yote, herufi bilioni tatu kutoka kwa mama na bilioni tatu kutoka kwa baba. Makosa hutokea. Nyuzi hukatika. Mwili wetu una jeni ambazo kazi yake ni kurekebisha makosa hayo, kusimamisha seli isiyostahili kuendelea kugawanyika, au kuiamuru ife. Hizo ndizo jeni za kuzuia uvimbe. Kila mmoja wetu anazo, mwanamke na mwanamume.

Maarufu kuliko zote kwenye matiti ni BRCA1. Mwaka 1990 Mary-Claire King wa Marekani alionyesha kwamba katika familia zenye saratani ya matiti ya ujanani kuna kitu kinachorithiwa kwenye kromosomu ya 17. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1994, na mwenzake BRCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 13, mwaka uliofuata. Protini zake hushiriki kuunganisha DNA pale ambapo nyuzi zote mbili zimekatika, tena kwa uangalifu, kwa kufuata nakala nzima iliyo kando. Seli isiyo na protini hizo bado inaunga, lakini inaunga ovyo, na herufi zinapotea.

Watu wengi hulijua jina BRCA1 kupitia habari za ugonjwa. Mimi nililijua kupitia ukuaji. Ukipima ni wapi katika tezi ya panya jeni hii inafanya kazi kwa nguvu, jibu ni: kwenye vile vivimbe vya nchani wakati wa kubalehe, na kwenye vifuko vya maziwa vinavyochipua wakati wa mimba. Iko kazini pale panapojengwa. Ukiiondoa kabisa kwenye mwili mzima wa panya, kiumbe hufa tumboni mwa mama yake mapema sana, kwa hiyo wanasayansi walibuni njia ya kuizima ndani ya tezi ya maziwa peke yake. Kundi la Chu-Xia Deng huko Marekani lilichapisha kazi hiyo mwaka 1999. Mirija ya panya hao ilikua vibaya, mifupi, yenye matawi haba. Uvimbe ulikuja, lakini baada ya muda mrefu sana, na ulikuja upesi zaidi pale nakala moja ya jeni nyingine, p53, ilipoondolewa pia. Ninavitazama vioo vya aina hiyo kwa huzuni kidogo, kwa sababu kasoro inaonekana wazi kabla hakujawa na saratani yoyote.

Jeni nyingine ya kuzuia uvimbe, PTEN, ikizimwa huleta kinyume. Kazi yake ni kuibana njia inayoiambia seli ikue na isife. Ilipozimwa kwenye tezi ya panya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, matawi yalizidi, vifuko vya maziwa vikaota kwa panya ambaye hajawahi kupandwa, na baada ya kuachisha watoto tezi ilikataa kubomoka kwa wakati wake. Mtu asiyeambiwa angekitazama kioo aseme panya huyu ana mimba. Kwa p53 nayo, panya asiyekuwa nayo huchelewa kubomoa tezi. Kwa hiyo jeni hizi hazisubiri saratani ndipo ziamke. Zinasema wapi tawi liishie, jani lichipue lini, lipukutike lini.

Lakini kama mtu amezaliwa na nakala moja mbovu ya BRCA1, mbona titi lake hukua vizuri tu? Jibu la msingi lilitolewa na Alfred Knudson mwaka 1971, akichunguza saratani ya jicho ya watoto wadogo, ile ambayo wazazi wetu huigundua wakiona weupe unang'aa ndani ya mboni. Aligundua kwamba hesabu zinakubali endapo seli inahitaji kupoteza nakala zote mbili. Mtoto aliyerithi nakala moja mbovu anahitaji pigo moja tu zaidi, ndiyo maana huugua mapema na mara nyingi macho yote mawili. Asiyerithi anahitaji mapigo mawili katika seli ileile. Kwenye titi ni vivyo hivyo: nakala nzima iliyobaki inatosha kujenga titi lote, inatosha kunyonyesha. Hatari iko kwenye ile seli moja, miongoni mwa mamilioni, itakayoipoteza.

Na seli hupoteza vitu zaidi pale zinapogawanyika sana. Ushahidi mzito wa hilo ulitoka mahali pa maumivu makubwa, Hiroshima na Nagasaki. Wanawake walionusurika mabomu ya 1945 wamefuatiliwa kwa miongo mingi. Waliopata mionzi wakiwa wasichana chini ya miaka 20 ndio ambao hatari yao ya saratani ya matiti ilipanda zaidi. Waliokuwa wamevuka 40 haikupanda sana. Mionzi ileile, mji uleule, lakini titi moja lilikuwa katikati ya ujenzi na jingine lilikuwa limekwisha kutulia.

Sitasahau pia jinsi maabara yetu ilivyobishana kuhusu saratani huanzia kwenye seli gani hasa. Mwaka 2006 kundi la Jane Visvader na Geoffrey Lindeman huko Melbourne lilionyesha kwamba seli moja tu ya panya, ikipandikizwa kwenye mafuta matupu, inaweza kuota tezi nzima. Miaka mitatu baadaye kundi hilohilo lilichunguza matiti ya wanawake wenye BRCA1 mbovu, wanawake waliokubali tishu zao zitumike, na likakuta aina fulani ya seli changa za ukuta wa mirija zimezidi na zina tabia isiyo ya kawaida. Ndizo zinazofanana zaidi na uvimbe ambao wanawake hao hupata. Mwaka 2010 watafiti wa London wakazima Brca1 kwenye seli hizohizo za panya na wakapata uvimbe unaofanana na wa binadamu. Walipoizima kwenye seli za tabaka la nje, uvimbe haukufanana. Saratani, basi, ilitokana na seli zilizokuwa bado hazijakomaa, zikiwa njiani kuelekea kuwa seli za kutoa maziwa.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani siku shangazi yangu wa Muheza, mdogo wake baba, aliponipigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Lile nililodhani jipu, wamesema si jipu."

Alikuwa na miaka 43. Kinyama kilipokwenda kupimwa, majibu yalisema ni saratani isiyo na vipokezi vya homoni ya estrojeni, wala vya projesteroni, wala protini iitwayo HER2. Aina hii huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wenye asili ya Ulaya, huja wakiwa bado vijana, na ndiyo aina ambayo wanawake wenye BRCA1 mbovu hupata mara nyingi. Shangazi anauza vitenge sokoni. Wenzake walimwambia ni zile noti anazoweka kwenye sidiria. Nilimwambia kwa utulivu kwamba noti hazifiki kwenye DNA, na wala sidiria. Kisha akaniuliza swali ambalo hata kwenye semina sijasikia lililo zito zaidi.

"Nimenyonyesha wanne, kila mmoja miaka miwili. Si mnasema kunyonyesha kunakinga?"

Kunakinga. Mwaka 2002 watafiti waliunganisha takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30, wakakuta kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa asilimia 4.3, juu ya asilimia 7 kwa kila mtoto aliyezaliwa. Sababu inaelekea kuwa hiyohiyo ya ukomavu: seli iliyokwisha kukomaa kwa ajili ya maziwa haina hamu ya kugawanyika kama ile changa. Ila miaka michache baada ya kujifungua hatari hupanda kwanza, hasa kwa aliyechelewa kuzaa mtoto wa kwanza, ndipo hushuka. Na kupunguza si kufuta. Nilimwambia miaka yake minane ya kunyonyesha haikupotea, na kwamba ugonjwa huu haukuja kwa sababu ya jambo lolote alilolifanya au kuliacha. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Hilo la mwisho lirudie, wifi yako asikie." Nikalirudia kwa sauti.

Kwenye fomu ya hospitali, penye swali la saratani katika ukoo, ilikuwa imeandikwa hakuna. Haikuwa uongo. Hakuna aliyewahi kuitaja saratani kwetu. Lakini nilipomuuliza baba mama yao alikufa kwa nini, alisema, "Tumbo lilijaa maji." Bibi hakuwa amefika miaka 55. Alivimba tumbo, akakonda mikono, akafa. Siwezi kumpima mtu aliyezikwa kabla sijazaliwa, lakini saratani ya ovari huja hivyohivyo, na BRCA1 mbovu huathiri ovari pia. Katika utafiti mkubwa wa mwaka 2017, uliofuatilia karibu wanawake 10,000 wenye kasoro hizi, uwezekano wa kupata saratani ya matiti kabla ya miaka 80 ulikuwa asilimia 72 kwa BRCA1 na 69 kwa BRCA2. Ya ovari ni 44 na 17. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza aanze vipi kuulizia ukoo wake, namwambia asiulize nani alikuwa na saratani. Aulize nani alikufa kijana, na alikuwa akiumwa wapi. Na aulize upande wa baba kwa bidii ileile ya upande wa mama.

Hili la upande wa baba lina watu wengi wasomi wasiolijua. Titi ni la mwanamke, kwa hiyo watu hudhani urithi wake ni wa kike. Kromosomu ya 17 haijui hayo. Baba mwenye nakala mbovu ana nusu ya uwezekano wa kumpa kila mtoto wake, wa kike au wa kiume, na yeye mwenyewe anaweza kuishi mpaka uzeeni bila dalili. Anaweza pia asiishi hivyo: BRCA2 hasa huongeza hatari ya saratani ya tezi dume, na wanaume wachache hupata saratani ya titi.

Ukoo ulichanga fedha, damu ya shangazi ikapelekwa nje ya nchi kupimwa. Majibu yaliporudi, binamu yangu mkubwa alinitumia picha yake akiuliza tufurahi au tulie. Kwenye BRCA1 palikuwa na herufi moja iliyobadilika, na pembeni pameandikwa kwamba maana ya badiliko hilo haijulikani.

Hapo ndipo nilipoumia, na bado naumia. Kila mtu ana mabadiliko mengi kwenye DNA yake na mengi hayana madhara. Ili ujue moja lina madhara au halina, unahitaji kuliona kwa watu wengi, wagonjwa na wazima. Hazina za kumbukumbu za dunia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika, ambaye watu wake wana tofauti nyingi zaidi za kijenetiki kuliko bara lolote, ndiye anayerudishiwa jibu la haijulikani mara nyingi zaidi. Hata hizo asilimia 72 nilizozitaja zimetoka zaidi kwa wanawake wa Ulaya. Namshukuru sana Olufunmilayo Olopade, daktari Mnigeria wa Chicago, ambaye pamoja na wenzake wa Ibadan alilivalia njuga jambo hili. Matokeo yao ya mwaka 2018, kwa wagonjwa 1,136 wa Nigeria, yalionyesha kwamba karibu 15 katika kila 100 walikuwa wamerithi kasoro kwenye jeni zinazojulikana, na saba kati ya hao 15 ilikuwa BRCA1. Hiyo si idadi ya kupuuza. Tunahitaji kazi ya namna hiyo kutoka Tanga, Kigoma, Kisumu na Bukavu.

Na si suala la elimu tu. Seli ya saratani iliyopoteza BRCA1 hutegemea njia nyingine ya kujitengeneza, na tangu 2005 inajulikana kwamba ukiiziba njia hiyo pia, seli hiyo hufa wakati seli nzima zinabaki. Dawa ya kwanza ya aina hiyo, olaparib, iliruhusiwa Marekani kwa saratani ya matiti mwaka 2018. Hupewa mgonjwa ambaye kasoro yake imethibitishwa. Mwenye jibu la haijulikani hahesabiwi.

Nilimwandikia binamu kwamba badiliko lisilojulikana halitumiki kuamua mtu akatwe titi au ovari, wala halitumiki kumwambia mtu yuko salama. Mengi ya mabadiliko hayo, yanapoeleweka baadaye, huonekana hayana madhara. Kinachotumika kwa sasa ni historia ya ukoo wenyewe, nayo inatosha kutufanya tuchukue hatua. Mabinti wa shangazi wataanza vipimo vya matiti vya kila mwaka miaka kumi kabla ya umri aliougua mama yao, yaani wakiwa na 33. Mimi nimekwisha kuanza. Anayehisi tumbo kujaa bila sababu kwa wiki kadhaa haambiwi anywe dawa ya gesi, anakwenda hospitali na anaitaja habari ya bibi.

Baba alikataa mwanzoni. "Mimi mwanamume, titi langu lina nini?" Nilimweleza kwamba hatutafuti ugonjwa kwake. Tunataka kuona kama lile badiliko limepita kwake, na kwa ndugu zake wengine walio hai, kwa sababu ukijua katika ukoo nani analo na nani hana, na nani ameugua, maana yake huanza kujitokeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama damu yake inaweza kuwasaidia wajukuu. Nikamwambia inaweza. Akatoa.

Shangazi alimaliza dawa za dripu, akafanyiwa upasuaji, akapata mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na amerudi sokoni kwenye vitenge vyake. Nakala ya majibu yake iko kwa binamu mkubwa. Kila mwaka anaiandikia maabara ile kuuliza kama maana ya lile badiliko imepatikana. Mwaka huu wamejibu bado, wakaomba wapelekewe na majibu ya baba. Tumeyapeleka.